Fimbo ya kusukumia, si ya kuegemea: vifaa na mavazi ya matembezi ya Kinodiki

*"Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 61, naishi Nyegezi, Mwanza. Nina presha na sukari, natumia vidonge, na goti la kulia huniuma nikishuka mteremko. Daktari ameniambia nitembee. Mwanangu anayeishi Finland alipokuja likizo aliniletea fimbo mbili, anasema huko watu wazima wengi hutembea nazo. Zimeandikwa 120, hazifupishwi, zina kitu kama glavu iliyokatwa vidole, na viatu vidogo vya mpira kwenye ncha. Mimi nina urefu wa sentimita 160. Nikizishika nahisi mabega yanapanda. Jirani yangu anasema niziache, zitanizeesha, na kama nataka kupungua nivae koti la nailoni nitoke jasho. Mwingine anasema nichonge tu fimbo mbili za mti. Je, hizi zinanifaa? Na nivae nini, viatu gani, kwa hali ya hewa ya hapa? Sitaki kununua vitu vingi."*

Shikamoo mwalimu. Swali lako la kwanza mabega yako yameshalijibu: fimbo za sentimita 120 zimekuzidi urefu. Lakini usizitupe, na usizigawe kwanza. Zinaweza kurekebishwa, nitaeleza jinsi. Nafurahi pia kwamba hutaki kununua vitu vingi, kwa sababu kwa matembezi haya ya Kinodiki, yaani kutembea huku ukiisukuma ardhi kwa fimbo mbili, huhitaji vingi. Unahitaji fimbo zinazolingana na mwili wako, viatu vizuri, na mavazi ambayo sehemu kubwa nadhani tayari unayo kabatini.

Nianze na jirani, maana neno lake la kuzeeka ndilo litakalokufanya uziache fimbo nyuma ya mlango. Jirani anawaza mkongojo. Mkongojo huwekwa mbele ya mguu, na mtu huuegemea uzito unapomshinda. Fimbo hizi hazikuzaliwa hivyo. Zilitoka kwa wanamichezo wa Finland wanaoteleza kwenye theluji kwa fimbo mbili. Majira ya joto, theluji ikiisha, walikuwa wakitembea nazo ili wasipoteze nguvu, na mwaka 1997 kampuni ya Exel ya hukohuko ikaanza kuuza fimbo zilizotengenezwa kwa ajili ya kutembea tu. Ukitaka kuelewa kazi yake, usimtazame mzee mwenye mkongojo. Nenda ufukweni umtazame mvuvi anayetoa mtumbwi kwenye maji mafupi kwa upondo. Hauchomeki upondo mbele ya mtumbwi. Anauchomeka ubavuni, umelalia nyuma, anausukuma mpaka mkono unapita kiuno, na mtumbwi unakwenda mbele. Wewe ndiwe mtumbwi, na fimbo ni upondo wako.

Ukilishika hilo, mengine yote kuhusu uchaguzi wa vifaa yanajieleza yenyewe. Mguu wa kulia unapotangulia, mkono wa kushoto nao unatangulia, kama unavyotembea siku zote. Ncha ya fimbo inagusa chini katikati ya hatua yako, nyuma ya mkono na siyo mbele ya kidole cha mguu. Unaisukuma ardhi, mkono unapita nyonga, kiganja kinafunguka, na ule mkanda unaofanana na glavu unakurudishia fimbo mkononi. Kwa hiyo mikono, mabega na ile misuli mipana ya mgongo inaingia kazini pamoja na miguu. Vipimo vilivyofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 vilionyesha kwamba kwa mwendo uleule, anayetembea hivi hutumia oksijeni zaidi ya anayetembea mikono mitupu, wastani wa takriban asilimia 20. Ndiyo maana daktari wako atafurahi kusikia umepata fimbo.

Kuhusu goti sitakudanganya. Utakuta kwenye makasha na matangazo imeandikwa kwamba fimbo hizi hupunguza mzigo wa goti kwa asilimia 30. Watafiti walipopima kwa vyombo, baadhi yao hawakuona punguzo lolote la maana mtu anapotembea mahali tambarare. Kwenye mteremko habari ni nyingine: ukifupisha hatua, ukatanguliza fimbo na kuzipa sehemu ya uzito wako, goti hupata nafuu ya kweli. Umesema goti linauma ukishuka, kwa hiyo hapo zitakusaidia. Kushuka ndiyo saa pekee ninayokuruhusu kuegemea.

Sasa urefu. Hesabu inayotumika ni urefu wa mtu mara 0.68. Wako ni 160, tunapata karibu 109. Fimbo huuzwa kwa kupishana sentimita 5, kwa hiyo yako ni 110, na kwa anayeanza, mwenye mabega mazito, hata 105 ni sawa. Fimbo ya 120 ni ya mtu wa sentimita 176 hivi. Hesabu hiyo ni ya kuanzia tu, mwamuzi ni mwili. Vaa viatu utakavyotembea navyo, simama wima, shika mpini huku ncha ikiwa imesimama sakafuni kando ya mguu, kiwiko kikiwa ubavuni. Kiwiko kifanye pembe mraba au kifunguke kidogo zaidi ya hapo, mkono ukielekea chini kiasi. Bega likipanda kuelekea sikio, fimbo ni ndefu. Ukibaki na fimbo ndefu, ncha itakuwa inatua mbele yako kila hatua, na bila kupenda utakuwa umeigeuza mkongojo kama jirani anavyowaza, pamoja na maumivu ya shingo. Ukilazimika kukosea, kosea kwa ufupi.

Fimbo zisizofupishwa zinaweza kukatwa, ila zikatwe juu, upande wa mpini. Upande wa chini fimbo huwa nyembamba zaidi, ukikata huko ncha haitaingia tena. Mara nyingi mpini umeshikwa na gundi inayolainika kwa joto. Fundi anauzamisha kwenye maji ya moto sana kwa dakika moja au mbili, anauzungusha na kuuvuta, anakata sentimita 10 kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, kisha anaurudisha kwa gundi. Fundi baiskeli makini anaiweza kazi hii. Mwambie mambo matatu. Azungushe utepe pale anapokata ili nyuzi za kaboni, kama fimbo zako ni za kaboni, zisichanike. Aloweshe kwa maji na afunge pua na mdomo, kwa sababu vumbi la kaboni si la kuvuta. Na azipime zote mbili kwa pamoja kabla ya kukata ya kwanza. Mpini ukikataa kutoka, asiulazimishe. Hapo ni bora kubadilishana na mtu mrefu, au kumwomba mwanao alete nyingine.

Akileta nyingine, kuna za kipande kimoja kama hizi na kuna za kurefusha na kufupisha. Za kipande kimoja ni nyepesi, hazitikisiki na hazijifungui njiani. Za kufupisha zinaingia kwenye mfuko ukipanda daladala, na wewe na mzee wako nyumbani mnaweza kuzitumia kwa zamu. Zichukuliwe zenye kibano cha kufunga kwa nje. Zile za kufunga kwa kunyonga huteleza taratibu zikizeeka, na siku ikiteleza umeiegemea kwenye mteremko, utaanguka. Zikipita kwenye mchanga na mvua, zitenganishe, zifute, ziache zikauke. Kaboni au aluminiamu? Kaboni ni nyepesi na inanyonya mtetemo, aluminiamu ni nafuu, ikigongwa inapinda badala ya kuvunjika. Kwa matembezi yako, tofauti hiyo ni ndogo kuliko tofauti ya sentimita 5 za urefu.

Na fimbo za mti? Kwa kuweka mizani ya mwili na kushuka mteremko zinasaidia, siwezi kuzidharau. Mianzi iliyokauka ni mizuri zaidi kwa sababu ni myepesi. Kinachokosekana ni mkanda. Bila mkanda huwezi kufungua kiganja, utaibana fimbo muda wote. Kubana kwa nguvu bila kuachia huchosha mkono na hupandisha presha, na wewe presha unayo. Mtu asiye na namna anaweza kumpa fundi viatu utepe wa begi la mgongoni, amshonee kitanzi kipana kinachokaza kifundo cha mkono. Nimewahi kuona kazi ya namna hiyo ikifaa. Lakini wewe una fimbo halisi ndani ya nyumba, kwa nini uanze na za kubahatisha? Fimbo za wapanda mlima, ambazo ukienda Moshi au Arusha utazikuta, nazo ni kifaa kingine: mkanda wake ni kitanzi tu cha kuning'inizia mkono, haukurudishii fimbo ukifungua kiganja.

Basi uthamini mkanda wako. Una herufi: L ni kushoto, R ni kulia, na ukizigeuza gumba litachubuka siku ya kwanza. Kidole gumba kinaingia kwenye tundu lake, kisha unafunga kwa kubana kiasi kwamba ukifungua kiganja fimbo haiendi popote, ila damu isizuiwe. Ukivua, ufue kwa sabuni kidogo mara kwa mara. Chumvi ya jasho huufanya ukakamae, na mkanda mkavu unakwaruza ngozi.

Vile viatu vidogo vya mpira ni vya lami, saruji na mawe. Ukivivua, utakuta ncha ya madini magumu sana, hiyo ni ya udongo, nyasi na mchanga. Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake, kwa sababu jiji letu ni miamba. Ncha ya chuma juu ya mwamba mkavu inateleza na kupiga kelele, na ukiisukuma kwa nguvu mwili unakwenda na fimbo inabaki. Kwa hiyo Nyegezi, ukitoka kwenye njia ya udongo na kuingia barabarani, rudisha mpira. Na uugeuze sawasawa: ncha ya kile kiatu kidogo inatazama nyuma. Watu wengi huuvaa ukitazama mbele, kama kiatu cha mtu. Fimbo inapotua imelalia nyuma, kwa hiyo ukigeuza mbele unakanyagia ukingo tu. Mpira ukiisha soli, nunua mwingine, usisubiri mpaka chuma kichungulie.

Viatu ndivyo ningependa uvitafutie fedha kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ya sukari. Sukari ikikaa muda mrefu inaweza kuua hisia za nyayo kidogokidogo bila maumivu, na mtu asiyehisi hatajua kama kokoto imemkaa kwenye kiatu tangu asubuhi. Lengelenge dogo linageuka kidonda, na kidonda cha mguu kwa mwenye sukari si jambo la kusubiri.

Huhitaji buti za mlimani. Buti nzito hazikunjiki, na matembezi haya yanahitaji mguu ujikunje pale vidole vinapoanzia ili usukume. Chukua raba za kutembea au kukimbia, ushike kisigino na ncha, uzikunje. Zikikunjika sehemu ya vidole, vizuri. Zikikunjika katikati ya unyayo, ziache, na zikikataa kabisa kukunjika, ziache pia. Bonyeza pande za kisigino: ziwe ngumu kiasi, zishike mguu. Ndani kuwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole chako kirefu kuliko vyote, na vidole viweze kucheza. Zijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uvae soksi zilezile utakazotembea nazo.

Mitumba ya soko la Mlango Mmoja ina raba nzuri sana, nami sina neno baya juu yake, ila tazama mambo ambayo muuzaji hatakwambia. Tazama kisigino kwa nyuma: kama kimelalia upande mmoja, kiatu kilishachukua mwendo wa mtu mwingine na kitaupinda wako. Bonyeza sponji ya soli kwa gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, imeshakufa hata kama juu kinang'aa. Kunja kiatu, usikilize. Soli iliyokaa miaka mingi hupasuka au humwaga unga, na itakuachia katikati ya njia. Ndala, yeboyebo na raba za kitambaa zenye soli bapa zibaki nyumbani.

Soksi zisiwe za pamba tupu. Ndiyo, najua sisi wa Kanda ya Ziwa tumelelewa na pamba, lakini pamba ikishika jasho hubaki nalo, na ngozi iliyoloa ndani ya kiatu huchubuka upesi. Chukua soksi zenye mchanganyiko, zisizo na mshono mnene kwenye vidole wala lastiki inayoacha alama mguuni. Kabla ya kuvaa kiatu, kitikise, ukipapase ndani kwa mkono. Ukirudi, tazama nyayo kwa kioo, au mjukuu akutazamie.

Mavazi sasa, na hilo koti la nailoni. Mwalimu, naomba usilivae. Jasho si mafuta yanayoyeyuka. Jasho ni maji na chumvi, na kazi yake ni kupoza mwili, tena linapoza pale tu linapokauka hewani. Ukijifunika nailoni, jasho linatiririka bila kukauka, joto la mwili linapanda, moyo unapiga mbio ili kupeleka damu kwenye ngozi. Ukipima uzito baadaye utaona umepungua, lakini ni maji, na yatarudi ukinywa. Kama kimojawapo cha vidonge vyako vya presha ni cha kukojoza maji, unaweza kuishiwa maji na kuanguka kwa kizunguzungu.

Mwanao akikutumia maelekezo ya mavazi ya Finland, yasikuchanganye. Kule wanafundisha kuvaa tabaka tatu kwa sababu adui yao ni baridi: nguo iliyoloa inawagandisha. Sisi tuko karibu na Ikweta, kando ya ziwa lililo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Adui yetu ni jua na unyevu. Kwa hiyo tabaka moja, pana, la rangi nyepesi, lenye mikono mirefu. Zile jezi za mpira za kitambaa chenye matundu madogo zinafaa kuliko fulana nzito, kwa sababu hupitisha jasho. Ukiipenda zaidi blauzi yako nyepesi ya pamba, vaa, kwa hali ya hapa haitakudhuru.

Chini, kitenge kilichofungwa kinabana hatua, na dera refu fimbo italikanyaga. Suruali pana ya trakisuti na juu yake gauni fupi la magotini inaleta heshima na inaacha hatua ifunguke. Sidiria iwe inayoshika vizuri bila kukata bega, maana mikono itafanya kazi. Mapaja yakisuguana, paka mafuta ya mgando. Kichwani pama au kofia yenye ukingo, na kama unajifunga mtandio, uwe mwepesi na ncha zake uzichomeke ndani.

Jua hapa linachomoza saa moja kasoro hivi, kwa hiyo anayetoka kuwahi baridi anatoka gizani. Vaa rifleta kama za bodaboda, na tembea upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari yanayokuja. Mikono yako imeshikwa na fimbo, kwa hiyo maji, simu na pipi mbili tatu au glukosi vikae kwenye kibegi cha kiunoni. Pipi si za kujiburudisha. Vidonge vya sukari kama glibenklamidi vinaweza kuishusha ukiwa unafanya mazoezi. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa, kaa chini, kula pipi, usiendelee. Usitembee na tumbo tupu.

Na ukimaliza, usiingie ziwani kuosha miguu, hata maji yakikuita. Vijidudu vya kichocho hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha ndani ya dakika chache. Osha kwa maji ya nyumbani, kausha katikati ya vidole.

Siku za mwanzo usihangaike na fundisho lote. Tafuta kiwanja tambarare, vaa mikanda, achia viganja, tembea huku fimbo zikiburutika nyuma. Usizishike. Baada ya dakika chache utahisi ncha zinaanza kung'ang'ania ardhi zenyewe, na hapo ndipo unaanza kusukuma taratibu. Dakika 15 zinatosha kwa wiki ya kwanza. Mwendo wako uwe ule unaoweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Hiki ni kipimo bora kwako kuliko mapigo ya moyo, kwa sababu baadhi ya dawa za presha huyashusha na yatakudanganya. Watoto wa mtaani watakufuata na kuhesabu hatua zako kwa sauti, wiki moja au mbili. Wewe umefundisha darasa, unajua wanavyochoka.

Kabla ya kuanza, mwone daktari wako akupime presha, akague macho na hisia za nyayo. Ukiwa umetulia na kipimo kikasoma 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo usitembee, nenda kituo cha afya. Maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida, au kizunguzungu njiani: simama hapohapo na utafute msaada, usijikaze ufike nyumbani. Goti likivimba, likawa la moto, au likakwama halinyooki, fimbo siyo dawa yake, linahitaji kuonwa. Kidonda chochote mguuni, hata cha ukubwa wa punje ya mtama, kionwe siku hiyohiyo.

Na fimbo zikishakatwa, nenda nazo kwenye idara ya fiziotherapia (tiba ya mazoezi), hospitali ya Bugando au Sekou Toure, pamoja na viatu ulivyochagua. Mwombe anayekuhudumia akutazame ukitembea koridoni kwenda na kurudi, kisha ukishuka ngazi chache. Hilo goti la kulia mimi siwezi kuliona nikiwa huku.